Kipa wa Tatu wa Inagase

Nilipomwona Nukui Masachika kwa mara ya kwanza alikuwa amembeba Bibi Tsushima mikononi, anatoka naye bafuni, na Bibi anamfokea.

"Polepole, we mlingoti! Mimi si gunia la matufaha!"

"Sawa, Bibi. Sawa, Bibi."

Alikuwa anakwenda hatua kwa hatua, magoti kayakunja kidogo, macho yako kwenye sakafu iliyolowa. Akamketisha kwenye kiti cha magurudumu, akamfunika taulo mabegani, akaanza kumvalisha soksi. Bibi Tsushima alikuwa mpishi wa shule kwa miaka arobaini na alizoea kuamrisha sufuria na watu kwa sauti moja. Hata soksi ya pili ilipoingia alikuwa bado anasema.

Siku hiyo ndiyo niliyoanza kazi ya kusimamia zamu katika makao ya wazee ya Inagase. Nikaenda jikoni nikamuuliza mpishi, "Yule mrefu ni nani?"

"Yule? Kipa wa Inagase FC." Akaonja supu ya miso, akaweka kijiko chini. "Kipa wa tatu, lakini."

Timu yetu iko ligi ya tatu, ya chini kabisa kati ya ligi za kulipwa, na tangu iingie huko haijawahi kumaliza juu ya nafasi ya tisa. Wachezaji wengi wana kazi ya pili. Beki wa kati anapanga samaki katika duka kubwa la karibu na stesheni. Ukienda kununua samaki Jumatatu baada ya timu kufungwa, unaweza kumwambia usoni kwamba alilala, naye atainamisha kichwa, atakuomba radhi, kisha atakuchagulia samaki mnono. Winga anauza matairi ya theluji. Nukui aliletwa kwetu. Asubuhi alikuwa mazoezini, saa saba mchana anaegesha kigari chake nyuma ya jiko akiwa bado na nywele mbichi, anawaogesha wazee, anawalisha, anawageuza vitandani, mpaka jioni.

Sasa, siku ya mechi kipa mmoja anasimama langoni na wa pili anakaa benchi. Wa tatu hana pa kukaa. Nukui alikuwa anabeba mipira, anampigia kipa wa kwanza mashuti ya kupasha misuli, anakusanya vile vikoni vya plastiki, halafu anapanda jukwaani na koti la timu na kupiga makofi. Alikuja Inagase akiwa na miaka ishirini na minne, katoka chuo kikuu. Miaka ya mwanzo alidaka mechi mbili tatu za kombe la mkoa, dhidi ya timu za walimu na za wazima moto. Katika ligi, misimu kumi na moja, hakuwahi kupata hata dakika moja. Mjini walimwita Tatu-Tatu: kipa wa tatu wa ligi ya tatu.

Babu Kasai, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alikuwa na mchezo wake naye. Kila Jumatatu, Nukui akiingia tu ukumbini, Babu anapaza sauti.

"Kijana! Juzi umefungwa mangapi?"

"Sijafungwa hata moja, Babu."

"Mwaka jana je?"

"Hata moja."

"Miaka kumi na moja bila kufungwa! Jamani, dunia nzima kuna kipa kama huyu?"

Ukumbi unacheka, na Nukui mwenyewe anacheka, anamkabidhi Babu dawa zake.

Siku moja tukikunja mataulo nikamuuliza kwa nini hajaondoka. Alikunja taulo mbili kwanza ndipo akajibu. "Kila mwezi wa kumi na moja wananiita ofisini. Kila mwaka najua hii ni kwaheri. Halafu wanasema, 'Nukui, tunaomba mwaka mmoja zaidi.' Sasa nifanyeje, Dada?"

Nadhani klabu ilimpenda kwa sababu alikuwa mtulivu, na utulivu wake uliwaambukiza wengine. Kipa wa kwanza, Hoshikawa, aliwahi kuliambia gazeti la mkoa kwamba asipopigiwa mashuti na Nukui kabla ya mechi anaona lango limekuwa pana. Kila mtu alilisoma gazeti lile. Bibi Tsushima alimwambia Nukui, "Umesifiwa kama mwiko. Mzuri sana, lakini si chakula."

Mwaka ninaousimulia, mwezi wa tisa, Hoshikawa alivunjika kidole mazoezini. Lango akapewa Ebina, kijana wa miaka ishirini aliyeazimwa kutoka timu kubwa, na Nukui akashuka kutoka jukwaani kwenda kukaa benchi. Jina lake likachapwa kwenye orodha ya mechi. Nikampa pongezi, mpishi akampa yai la ziada. Akashukuru, ila uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Wiki zile alikonda. Nilidhani anamwonea huruma rafiki yake.

Mwezi wa kumi timu ikasafiri kusini, mwendo wa saa kumi kwa basi. Zilikuwa zimebaki mechi nne tu, nasi tulikuwa nafasi ya tatu kutoka mwisho, na timu mbili za mwisho huwa hatarini kushuka. Tuliwasha runinga kubwa ya ukumbi wa chakula, wazee wakapangwa kwa mistari miwili, mashuka magotini. Huko mvua ilikuwa inamwagika. Tulikuwa tunaongoza bao moja. Dakika ya hamsini na tano Ebina akaruka kudaka mpira wa juu, akagongana kichwa na mshambuliaji wao, akaanguka, hakuinuka. Machela ikaingia.

Kamera ikaonyesha benchi. Mtu mmoja mrefu anahangaika kuvua koti, mkono wa kushoto umekwama ndani.

"Huyo!" akasema Babu Kasai. "Huyo si yule wetu wa bafuni?"

Hakuna aliyetania. Nukui akaingia, akagusa milingoti yote miwili, akasimama. Kwa dakika kumi mpira haukumfikia. Kisha mtu wao akapiga kutoka mbali, shuti la kawaida, lisilo na nguvu hata kidogo. Nukui akapiga goti, akaweka mikono, na mpira ukapita kati ya mikono, ukapita kati ya miguu, ukaenda taratibu ukavuka mstari kama mgeni aliyekwisha kupiga hodi.



"Zimeni," akasema Bibi Tsushima. Hakuna aliyezima.

La pili lilikuja kwa kichwa, mpira umetoka pembeni na kuelea mbele ya lango muda mrefu. Kipa yeyote angetoka kuufuata. Nukui hakutoka. Alibaki juu ya mstari kana kwamba viatu vyake vimeshonewa pale. Tukafungwa mawili kwa moja, na jioni ile tukawa wa pili kutoka mwisho.

Jumatatu saa saba kigari chake kikaegeshwa nyuma ya jiko kama kawaida. Nilimwambia kama anataka kupumzika siku mbili apumzike. Akakataa kwa adabu, akavaa aproni.

Wazee walikuwa wamekubaliana wasiseme kitu. Babu Kasai aliinamisha kichwa akamsalimu kwa heshima nyingi kupita kiasi, akazungumza naye habari za hali ya hewa, na jinsi mwaka huu matufaha yalivyopata rangi mapema. Nukui akaitikia kila neno. Nilikuwa naona masikio yake yamekuwa mekundu. Heri wangemcheka.

Nilikuwa napeleka mataulo bafuni Nukui alipokuwa anamtoa Bibi Tsushima kwenye maji. Alikuwa ameshamwinua, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, na Bibi kamkumbatia shingo. Bibi akamtazama karibu karibu.

"Juzi umeangusha mpira nchi nzima inaona," akamwambia. "Mimi usiniangushe."

Nilisimama mlangoni nikajuta kuwa na masikio. Nukui alisimama vilevile, katikati ya mvuke, Bibi mikononi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Bibi, mpira haunikumbatii. Wewe hapa unanikaba koo."

"Basi Jumamosi uambie nao ukukabe."

Akamketisha, akamfunika taulo. Bibi akadai soksi zake za sufu, si hizi za pamba, na maisha yakaendelea.

Wakati wa chai tulikaa kwenye ngazi za nyuma, jua la vuli limetupiga usoni. Jirani alikuwa ametuletea kikapu cha matufaha nami nilikuwa namenya. Nukui akasema bila kunitazama, "Dada Shiraiwa, nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Unakijua kile kihekalu kidogo karibu na uwanja? Kabla ya kila mechi nilikuwa napita pale namwombea Hoshikawa asiumie. Miaka yote hii. Watu walikuwa wananiona, wananisifu. Kocha alinisifu mbele ya timu nzima." Akaokota ganda la tufaha. "Haukuwa upendo ule. Nilikuwa naomba nisiitwe. Mwaka wa kwanza, wa pili, nilitamani kucheza mpaka nakosa usingizi. Halafu sijui ilianza lini, nikaanza kushukuru kila refa akipuliza filimbi ya mwisho. Juzi lilipopita lile bao, unajua nilihisi nini kwanza? Nilihisi, haya, sasa wameona, sasa wataniacha."

 Nina watu wazima wawili niliowazaa na wazee arobaini ninaowalea, na wote huwa naanza kwa kuwalisha. Nikampa kipande cha tufaha nikasema, "Kula."

Akala. Kisha akaniambia lililobaki. Asubuhi ile kocha Onodera alikuwa amemwita. Daktari amemkataza Ebina kucheza wiki hiyo kwa sababu ya kichwa, na kidole cha Hoshikawa bado. Klabu inaweza kuomba ruhusa ya kumwazima kipa wa chuo kikuu, kijana asiyewajua hata mabeki kwa majina. Kwa hiyo Nukui atoe jibu kesho asubuhi: ataweza au hataweza?

"Na Chiharu anasemaje?" nikauliza. Chiharu ni mkewe, anafanya kazi posta.

"Chiharu amesema, 'Mimi niliolewa na kipa, na juzi ndiyo mara ya kwanza nimemwona.'"

"Amekutania au amekupiga kijembe?"

"Dada, tuna miaka minane ya ndoa na mpaka leo sijui kutofautisha."

Kesho yake alinisimulia kwa maneno machache. Alikwenda kwa kocha akasema ukweli wote, kwamba anaogopa. Onodera ni mtu wa maneno machache, mdomo wake umekaa kama umeshonwa. Akamjibu, "Woga nimeuona kwenye mkanda, sihitaji kuambiwa. Nimekuuliza kama unaweza." Nukui akafikiri, akasema anaweza. "Basi kavae glovu," akasema kocha.

Wiki ile mambo yalibadilika upande. Hoshikawa, kidole kimefungwa bandeji, ndiye aliyekuwa anampigia Nukui mashuti. Siku ya kwanza akampigia taratibu, yale ya kumjenga mtu moyo. Nukui akamwambia aache hayo. Akaomba ndoo ya maji, mipira ikalowekwa, na akaomba mipira ya pembeni, ile inayomlazimu kipa aache mstari wake na kwenda kugombana na watu. Alikuja kazini na chubuko shavuni na kiwiko kimevimba. Babu Kasai akavunja kiapo chake cha hali ya hewa. "Sasa umeanza kufanana na kipa," akamwambia.

Safari ya kuwapeleka wazee uwanjani tulikuwa tumeipanga tangu kiangazi, hatukujua itaangukia mechi gani. Jumamosi tukaenda na wazee tisa, magari mawili, mablanketi na chupa za chai. Watu wa klabu wakatupa nafasi kwenye kona, karibu na bendera. Mvua nyembamba ilikuwa inaanguka, watu elfu moja na mia tatu hivi, ngoma ya mashabiki inalia nyuma ya lango. Tukanunua mchuzi wa utumbo kwenye mabakuli ya karatasi. Bibi Tsushima akaonja. "Tangawizi kidogo, haraka nyingi," akahukumu, akamaliza bakuli lote. Chiharu alikuwa jukwaa la juu, peke yake, mwavuli kaukunja magotini wala hakuufungua.

Mpira wa kwanza ulimfikia Nukui dakika ya tatu. Ulikuwa rahisi, ila wa chini, kama ule. Akapiga goti, akaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akaulalia. Uwanja mzima ukapiga makofi kwa mpira ambao mtoto angeudaka. Nikatazama pembeni, nikaona Bibi Tsushima anafuta miwani.

Dakika ya ishirini tukafungwa. Shuti lilikwenda pembe ya juu, hakuna mkono wa binadamu ungefika. Nukui mwenyewe akautoa mpira wavuni, akakimbia nao hatua chache, akaupiga kuelekea katikati. Kipindi cha pili timu yetu ilisukuma na kusukuma, na dakika ya sabini na moja yule beki wa duka la samaki akaruka juu ya watu wote akaweka kichwa. Ikawa bao moja kwa bao moja. Babu Kasai akasahau ana magoti mabovu akataka kusimama, nikamshika kiuno.

Zilipobaki dakika mbili mpira ukapotea katikati ya uwanja, na mshambuliaji wao akatoka peke yake. Hakuna mtu kati yake na lango ila Nukui. Nilijua atabaki mstarini. Nadhani wote tulijua, hata mshambuliaji alikuwa ameitazama mechi ya wiki iliyopita, kwa sababu aliinua kichwa kwa raha, achague pembe. Alipoinua kichwa Nukui alikuwa ameshafika mbele yake. Sijawahi kumwona mtu yule akikimbia. Kwetu alikuwa anatembea kama anayebeba mayai. Alijitupa mzima mzima, mikono imetanuka, na mpira ukampiga usoni ukatoka nje.

Kona. Daktari akaingia, akamwekea pamba puani, damu imechafua jezi ya manjano. Kona ikapigwa. Nukui akatoka tena kati ya watu saba, akaupiga mpira kwa ngumi mpaka karibu na duara la kati, na refa akapuliza.

Sare. Hakuna aliyembeba juu juu, kwa sababu sare ni pointi moja tu. Timu ilizunguka uwanja kuinamia mashabiki kama ilivyo desturi, na walipofika kwenye kona yetu Nukui akainama mbele ya viti vya magurudumu, pamba mbili puani, maji yanamchuruzika.

"Kijana!" akamwita Babu Kasai. "Miaka kumi na moja bila kufungwa, na sasa wiki mbili mabao matatu. Kiwango kimeshuka sana!"

Mashabiki wa karibu wakaangua kicheko, na Nukui akacheka, kisha akashika pua kwa maumivu. Nilitazama juu kumtafuta Chiharu. Alikuwa amesimama, mwavuli bado umekunjwa, ameloa chapachapa.

Mechi mbili za mwisho Ebina alirudi langoni, na hivyo ndivyo ilivyostahili, alikuwa kipa bora kuliko Nukui na Nukui mwenyewe alisema hivyo. Tukamaliza nafasi ya tatu kutoka mwisho, pointi moja juu ya hatari. Watu wa hesabu wanaweza kusema wanavyotaka kuhusu pointi ile moja ilitoka wapi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja wakamwita ofisini, na safari hii haikuwa mwaka mmoja zaidi. Alikuja kazini saa saba kama kawaida. Tulikuwa tunanawa mikono sinki moja aliponiambia.

"Wameniacha, Dada."

"Umewaambia nini?"

"Nimeshukuru. Nimeinama. Nimefika kwenye gari nikakaa nusu saa." Akafunga bomba. "Inauma. Sikutegemea kama itauma hivi. Mwaka jana wangeniambia, ningepumua tu nikaenda nyumbani."

Alisema hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyeonja kitu kipya na hajaamua jina lake. Kisha akakausha mikono, akaenda kumgeuza mzee wa chumba cha nne.

Majira yale ya baridi alisoma. Mwezi wa kwanza kuna mtihani wa taifa wa wahudumu wa wazee, naye alikuwa ameukwepa miaka mitatu kwa kisingizio cha mazoezi. Alikuwa anakaa na vitabu kwenye ukumbi wa chakula baada ya kazi, na Bibi Tsushima anamuuliza maswali kutoka kwenye kitabu, anamkemea akikosea na hata akipatia. Mwezi wa tatu matokeo yakatoka, amefaulu. Tukampa kazi ya kudumu. Sasa anasimamia orofa ya pili, na wahudumu wapya anawafundisha kwanza namna ya kukunja magoti.

Msimu mpya ulipoanza aliniomba Jumamosi ya mechi ya kwanza awe na mapumziko. Nilidhani anakwenda uwanjani. Kumbe alikwenda pwani na Chiharu, wakalala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni, simu wakaiacha kwenye begi. Jumatatu akarudi na furushi la ngisi wakavu la kuwagawia wazee.

"Tumefungwa matatu," Bibi Tsushima akamwarifu.

"Ndiyo kwanza nasikia, Bibi. Sisi tulikuwa tunakula kaa."

"Kaa! Nyie mmekula kaa, sisi unatuletea ngisi mkavu kama soli ya kiatu. Tumtafune na meno ya nani?"

Nukui akamtazama yule ngisi, akamtazama Bibi, akachukua furushi zima akaenda nalo jikoni. Nilipopita baadaye nilimkuta amesimama kando ya mpishi, mikono ya shati imekunjwa, anakata vipande vyembamba sana na kuvitia kwenye sufuria ya mchuzi, huku Bibi Tsushima akimwelekeza kutoka mlangoni: moto mdogo, subira, na tangawizi asiionee choyo.